Siku Niliyomwigiza Baba Mdogo

Nikipita Kizota, kwenye viwanda vya mafuta, kutoka shule, harufu ya mashudu ya alizeti huninyamazisha, mimi ambaye darasani hata mwalimu wa nidhamu amenishindwa.

Baba mdogo alikuja kwetu na gunia moja la mashudu ya kulishia ng'ombe. Ng'ombe wake wote walikufa kwa ukame, na hilo ndilo walilobakiza. Akaliegemeza kitandani, akalala ameelekea ukutani, wiki baada ya wiki.

Nilikuwa mdogo, ila kuigiza watu nilishaanza. Siku moja wageni walipokuja nikajinyoosha mkekani, nikajifunika kanga gubigubi, nikakoroma.

"Baba mdogo, uji!" akaita dada, naye akiigiza.

"Niache, nachunga ng'ombe ndotoni!"

Wageni wakacheka hadi machozi. Mama peke yake alikuwa akitazama mlangoni. Nikafunua kanga. Baba mdogo alikuwa amesimama pale. Nikasubiri kofi huku nacheka.

"Umeniweza, mwanangu," akasema taratibu. "Ila hapo pa kukoroma umekosea. Mimi huwa nafumba macho tu. Tangu wafe, usingizi siupati."

Akarudi kitandani. Watu wote walishanyamaza, na mimi nilikuwa bado nacheka.