Nguo Nilizozikata Kabla Cherehani Haijafika

Nakumbuka vizuri asubuhi moja, Idi mjukuu wangu, nilipokaa sakafuni chumbani kwangu Chang'ombe, mkasi mkononi, nikakata vitambaa vya watu kumi na wawili bila kuwa na cherehani ya kuvishonea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi minane tu, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu nikasikia. Nimeikumbuka jana jioni, wewe ukiwa hapo uani unazungumza na simu. Ulikuwa unamwambia yule binti wa Kigamboni, aliyekukodi siku ya harusi yake, asiwe na wasiwasi, Jumamosi atapelekwa ukumbini kwa gari jipya la umeme, gari lisilonguruma, na kwamba liko bandarini, bado kutolewa tu. Mimi si kiziwi kama mnavyodhani. Mama yako kaniambia meli yenyewe iliyobeba gari hilo haijafika. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Maneno hayo yako niliwahi kuyasema mimi, kabla hata baba yako hajazaliwa.

Enzi hizo nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, na karibu kila chombo cha maana kilikuja kwa meli. Babu yako alikuwa seremala kwenye karakana moja hapo hapo Chang'ombe. Aliniagizia cherehani ya miguu kupitia kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Temeke, naye Mhindi akaiandikia barua Ulaya. Kushona nilijifunza kwa shangazi yangu, kwa cherehani ya mkono, lakini shangazi alihamia Kilwa na mumewe, na cherehani yake akaenda nayo. Tangu hapo nikawa nashona kwa macho tu. Nikiona gauni la mtu njiani, nalifumua na kulishona upya kichwani mwangu. Kwa hiyo uelewe, sikuwa mzembe. Kazi nilikuwa naijua. Nilichokosa ni chombo, na chombo kilikuwa njiani.

Bi Zuhura, jirani yetu, alikuwa anaoza binti. Unazijua harusi zetu: kinamama wa upande mmoja lazima wavae sare, na sare ikipendeza inasemwa mwaka mzima. Wakanunua poplini ya zambarau yenye maua madogo meupe. Wengi walitaka kumpa Fundi Athumani, mzee aliyekuwa akishonea barazani kwa yule Mhindi tangu sisi hatujazaliwa. Nikawaambia wanipe mimi, cherehani yangu mpya inakuja, tena ya miguu. Wakanipa. Nilikuwa na ulimi, mwanangu, na hata leo ninao kidogo. Nilipita pale barazani nikamtania yule mzee: "Shikamoo, fundi. Safari hii kinamama wanahamia kwangu." Akaitikia marahaba, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Mhindi alisema meli inatia nanga wiki ile ile. Nikaona nikae bure kwa nini? Nikate kila kitu kabisa, cherehani ikifika kazi iwe kushona tu. Nikachora kwa chaki, nikakata mikono, shingo na marinda, na furushi la kila mtu nikalifunga kwa ukanda wa kanga kuukuu. Nilifurahi mno siku ile. Mlio wa mkasi kwenye poplini mpya ni mtamu sana, na wale waliopita dirishani waliusikia, wakaamini kazi imeanza.

Meli ikatia nanga. Kasha langu halimo. Mhindi akakuna kichwa, akasema labda meli ijayo, na hiyo ijayo hajui ni lini.

Hapo ndipo ningesema. Badala yake, kesho yake Bi Zuhura aliponiuliza bombani, nilimjibu, "Iko forodhani, bado kutolewa tu." Maneno yalinitoka yenyewe, nami nikashangaa yalivyomtuliza. Basi nikayarudia. Kila aliyeniuliza, iko forodhani. Siku zikaenda, nikaanza kupita njia ya nyuma kwenda bombani, nikawa nachota maji wakati wenzangu wameshaondoka. Chakula nakiacha sahanini. Babu yako akiniuliza naumwa nini, namwambia kichwa.

Zilipobaki siku kumi, nikatia mafurushi mawili kwenye kikapu, nikayafunika kwa majani ya mchicha, nikaenda kwa Fundi Athumani. Nia yangu ilikuwa kumwomba anishonee zote kwa siri, mimi nizigawe kama kazi yangu. Angalia ujasiri huo! Mtu niliyemcheka mbele za watu.

Alifungua furushi moja, akakipangua kitambaa kipande kipande juu ya paja lake.

"Nani alikwambia ukate?"

"Nilijua cherehani itafika, fundi."

"Kitambaa kizima ungemrudishia mwenyewe, akaenda nacho kwingine. Hiki umeshamfunga nacho. Wenyewe wanajua?"

"Wanajua iko forodhani."

"Na iko forodhani?"

Nikaangalia miguu yangu. Mzee yule hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alivirudisha vile vipande kwenye furushi, akafunga fundo vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, kisha akasema: "Mkato wako ni mzuri. Mkono wako ni mzuri. Lakini nikizishona kwa siri nitakuwa nimekushonea na uongo wako, nao sina uzi wake. Nenda kawaambie, mmoja mmoja. Ukishawaambia wote, cherehani hii huwa naiacha tangu adhuhuri mpaka alasiri. Naswali, nakula, najinyoosha. Saa hizo zitakuwa zako. Lakini utashonea hapa hapa barazani, maana haihami."

Hujui uzito wa neno hilo la mwisho, kwa sababu umekulia zama nyingine. Mwanamke, tena bibi harusi wa juzi, kukaa kwenye baraza la duka mbele ya wanaume akishona, enzi zile halikuwa jambo dogo. Na kila atakayepita angeona kwamba yule msichana wa cherehani mpya hana cherehani. Nilirudi nyumbani nikilia, na sikulia kwa ajili ya Bi Zuhura wala binti yake. Nilijililia mwenyewe.

Lakini nilikwenda. Nilianza na Bi Zuhura kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa sitayamaliza. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo siku zote zile bombani ulikuwa unanidanganya mchana kweupe?"

"Ndiyo, mama."

"Umekata na changu?"

"Nimekata, mama."

Kuku alikuja akadonoa mchele pembeni ya ungo na hakumfukuza. Nilidhani ataniambia niondoke na nisikanyage tena kwake. Kisha akasema, "Mie nimealika watu mpaka Kawe, halafu wewe unanificha jambo kama hili! Ungekuja siku ya kupika pilau ningekutoa hapa na mwiko. Siku kumi zimebaki?"

"Kumi."

"Basi wewe shona mishono mirefu huko kwa fundi. Pindo na vifungo tuletee sie. Tuna mikono, hatukuzaliwa na cherehani." Akamfukuza yule kuku, akaendelea na mchele wake. Hakuniambia karibu tena siku ile, wala sikustahili.

Wengine nao nikawazungukia. Kuna aliyecheka, kuna aliyenisema mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Bi Tatu alichukua furushi lake mkononi mwangu, akanifungia mlango. Alikuwa na haki yake.

Basi kila adhuhuri nikakaa barazani, kanga nimejitanda mpaka kichwani, nakanyaga cherehani ya mtu. Siku ya kwanza wanaume waliotoka msikitini walisimama kunitazama. Mshono wa kwanza ukaenda upogo, nikaufumua. Siku ya tatu walikuwa wanapita na kunisalimu tu. Kule karakana wenzake babu yako wakamtania kwamba siku hizi mkewe ni fundi wa barazani. Alipokuja kunisimulia, nilimuuliza amewajibu nini. Akasema amewajibu kwamba wakitaka kushonewa waje adhuhuri. Nilimpenda babu yako tangu mwanzo, lakini siku ile nilimpenda upya.

Alasiri ikifika Fundi Athumani anarudi, anapitisha kidole chake kwenye mishono yangu, anasema "haya," basi. Mimi nabeba vilivyoshonwa mpaka uani kwa Bi Zuhura. Kinamama wameketi kwenye mkeka, kila mmoja na sindano yake, wanapinda pindo la gauni lake huku wakinichambua mbele yangu bila huruma. Nikawa nacheka nao. Gauni la kumi na moja lilikwisha siku mbili kabla ya harusi.

Harusini sare ile ilipendeza, na wageni wa Kawe waliuliza fundi ni nani. Bi Zuhura alinyoosha kidole upande wangu. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Bi Tatu, aliyekaa kati ya wenzake kavaa gauni la kijani. Shangwe zote zile hazikunizuia kuona aibu.

Cherehani ilifika mwezi mmoja baadaye, juu ya rikwama, ule mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, kwenye kasha lililojaa misumari. Fundi Athumani alikuja mwenyewe kuitia mafuta na kuijaribu. Nguo ya kwanza niliyoshona kwayo ilikuwa ya Bi Tatu, kwa kitambaa nilichonunua mimi. Alipokea kwa mkono mmoja na hakuniambia asante. Sikukuu ya Idd aliivaa.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Kungoja si kosa. Kuagiza kitu kizuri si kosa, na gari lako naliombea lifike, nipande nami kabla sijafa nisikie huo ukimya wake. Hata kuchelewa kwa meli si kosa lako. Kosa langu lilikuwa kudhani siku zile za kungoja ni zangu peke yangu. Zilikuwa za wenye nguo pia. Kila nilipojibu "iko forodhani" nilimwibia Bi Zuhura siku moja ambayo angeitumia kujisaidia, au kunisaidia mimi. Nilipozirudisha zikiwa zimebaki kumi, kumi zilitosha. Zingebaki mbili, zisingetosha hata kwa mafundi wa mji mzima.

Leo ni Jumatatu. Kuna siku tano kabla ya Jumamosi ya yule binti, nazo ni zake. Mpigie. Mwambie gari halipo, na wala haliko bandarini. Atakasirika, mwache akasirike, usimkatize. Kisha mtafutie gari jingine, hata kama ni la kunguruma, umpeleke ukumbini wewe mwenyewe umevaa vizuri. Mimi nakujua, utaweza. Mkono wako ni mzuri, kama nilivyoambiwa mimi siku ile.

Mungu akuletee gari lako salama, likukute jina lako likiwa safi, na asikose kukupa abiria wanaokuamini. Akupe na jirani kama Bi Zuhura, mwenye kukusema na kukushikia sindano. Haya, simu hiyo hapo. Mimi nakaa hapa hapa mpaka umalize.