Saa Nne ya Subaru

Tarehe 14 Machi 2019, Kathini Mulinge alifaulu mtihani wa udereva mjini Kitui. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane wa miezi saba. Mumewe, mwalimu, alimwachia gari, Starlet nyeupe ya mwaka 1994, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuiendesha.

Hadi wiki iliyopita boma lake, kilomita tatu kutoka soko la Kwa Vonza, lilikuwa na magari mawili. Starlet hulala juani. Subaru ya buluu ya mwanawe wa pekee, Mutie, ililala ghalani, imefunikwa turubai. Mutie, aliyekuwa akiishi mbali, aliiacha hapo mwaka 2021 alipoenda kufanya kazi Doha. Starlet hula lita moja kwa kilomita kumi na sita. Imempeleka Kathini kanisani, sokoni na kliniki ya goti. Subaru, kwa maelezo ya Mutie, hupita kilomita mia mbili kwa saa. Tangu aondoke haikuwa imevuka lango, kwani tumbo lake liko chini na njia ni ya mawe.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Mutie hupiga simu. Kathini huwasha Subaru na kuweka simu juu ya boneti.

"Mwaitu," humwita mama kwa Kikamba, "kanyaga kidogo. Zaidi. Hapo! Umesikia hiyo?"

"Nimesikia. Hata kuku wamesikia, wamehamia kwa jirani."

Mutie hucheka. Huulizia oili, betri, magurudumu. Goti la mama huliulizia mwishoni, kama kuna muda. Siku nyingine hapigi. Mama akimpigia akiwa kazini, huikata simu.

Jumatano ya wiki iliyopita simu ililia. Kathini alidhani kuna msiba.

"Nimepata mnunuzi, Mwaitu. Mtu wa mji wa Wote. Sasa utapumzika."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo anakuja kuichukua."

Kathini alisema sawa.

Mnunuzi, Mbithi, alifika saa tatu na kuinamia injini kwa muda mrefu.

"Hii imetunzwa. Nani amekuwa akiiwasha?"

"Mimi."

"Wewe, mama? Na wewe huendesha nini?"

Akamwonyesha Starlet.

"Hiyo ni gari ama kibiriti?"

"Ni kibiriti kinachojua njia. Nifuate, usije ukaacha tumbo kwenye mawe."

Alimtangulia kwa gia ya kwanza hadi lami. Hapo Mbithi alipiga honi mara moja, akampita na kushika barabara. Kathini alizima injini yake, akausikiliza ule mngurumo mpaka ukaisha. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Simu, iliyokuwa pajani, haikuwa imelia.

Jumamosi hii, saa nne, atawasha Starlet, ataweka simu juu ya boneti, kisha atapiga yeye.