Minyaa ya Kuzungushia Punda

Mimi sisahau. Watu wananiambia, mama, yamepita hayo, samehe. Nimesamehe mengi, hata wizi wa kuku, lakini uzio ule wa minyaa umenikaa kooni mpaka leo.

Tulifika Mpimbwe miaka ile ya sabini, mimi na mume wangu, tukitokea Usukumani na punda wanne. Ng'ombe hatukuwa nao. Punda ndio waliotulisha: walibeba mpunga na mahindi ya watu kutoka mashambani, nasi tukapata chakula. Jirani mmoja, mama mwenyeji, akatupa pembe ya shamba lake tujenge na kulima. Hakudai chochote. Nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Kanisani tulikaa benchi moja, na mwanangu mkubwa alipougua surua yeye ndiye aliyemuuguza pamoja nami. Hilo simnyimi.

Kisha simba wakala punda mmoja. Zizi tulikuwa tumelizungushia matawi ya miiba, na miiba ikishakauka simba anaisukuma kama pazia. Hapo nikaapa: nataka uzio wa kudumu, hawa watatu waliobaki hawaliwi.

Tulibishana siku nyingi. Mume wangu alitaka seng'enge. Nikamwambia, seng'enge utaipata wapi huku, na punda akishtuka anajirusha tu, si atachanika kifua? Magogo je? Tulishayajaribu upande mmoja, na baada ya masika mawili mchwa walikuwa wameyala chini yote. Ukiyagusa yanaanguka. Dada alikuwa ameketi hapo hapo anapepeta mchele. Akatucheka. "Nyie mnahangaika nini? Si kwenu mnapanda minyaa? Mchwa hawaigusi, punda hawaili, simba hapenyi."

Nikapiga makofi kwa furaha. Ni kweli, kwetu kila mji una minyaa. Kesho yake akaja mwenyewe na mzigo wa vipande kichwani, sijui alivikata wapi, wala sikuuliza. Tukaviacha kivulini siku tatu ili pale vilipokatwa pakauke, kisha tukapanda vikibanana, yeye akichimba, mimi nikifukia. Utomvu ukamrukia jichoni. Akapiga kelele, maana utomvu wa minyaa unapofusha. Nilikuwa nanyonyesha, basi nikamlaza mapajani pangu nikamkamulia maziwa yangu jichoni mpaka akanyamaza.

Masika ya tatu minyaa ikawa imenizidi kimo. Simba walinguruma huko huko porini, punda wangu wakatafuna pumba kwa raha zao. Samadi ikajaa zizini, ukiingia unazama mpaka vifundo.

Ndipo tukaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Aliyetushtaki ni dada. Jamani! Nilidhani wamekosea mlango. Akasimama, khanga mabegani, akasema alitupa mahali tulime mahindi na karanga, vitu vya kuvuna na kuondoka, na sasa tumezungushia ardhi yake mti wa kudumu tuifanye yetu. Siku hiyo ndipo nilipoijua mila ya pale: mgeni aliyeazimwa shamba hapandi kitu cha kudumu. Akipanda, amewatangazia watu wote kwamba shamba ni lake. Mimi nilijua minyaa ni ya kuzuia mnyama, basi. Yeye aliijua mila hiyo tangu utotoni, na aliijua siku aliyonibebea vile vipande.

Nikamuuliza mbele za watu, "Dada, nani alileta ile minyaa?"

Akakunja pindo la khanga. "Mimi? Minyaa ningeitoa wapi? Mnamsikia wenyewe. Asante ya punda ni mateke."

Loo! Niliinuka. "Punda wangu hawajampiga mtu teke tangu wazaliwe! Na jicho hilo nililoliosha kwa maziwa yangu, ndilo unalonitazamia hivyo?" Mume wangu akanivuta nikae. Balozi alikuwa mtu wa haki, lakini hakuna jirani aliyetuona tukipanda, na minyaa kila mtu alikuwa anaiona. Tukapewa muda mpaka mavuno.

Tukahamia ng'ambo ya mto, tukaanza tena na miiba. Ndani ya uzio wangu dada akapanda mahindi. Samadi ya miaka yote ile, nyie! Yalistawi mpaka yakawa meusi, na hakuna ng'ombe wala ngiri aliyeweza kuingia kuyala. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu.

Siku moja nilipita njia ile na punda wamebeba mpunga. Punda wangu mzee, jike, akaacha njia peke yake, akaenda kusimama penye mlango wa zizi, masikio mbele, akingoja afunguliwe. Dada alikuwa ndani anapalilia. Akainua kichwa, akamwona punda, akaniona mimi, akainamia tena jembe lake. Nikavuta kamba. Punda akagoma, kwani pale alipajua ni kwake. Nikavunja tawi nikamchapa, punda ambaye sikuwahi kumchapa hata siku moja, nikamchapa huku nalia mpaka akarudi njiani, na fimbo zile hazikuwa zake.