Trela la Mama Mkubwa na Mlima wa Tangi

Mama mkubwa wangu alishona maturubai ya malori maisha yake yote, na mikono yake imekuwa kama maturubai hayo, mikavu na migumu. Mumewe alipofariki aliuza karakana, na kila mtu akadhani sasa atatulia. Watoto wake walikwisha kumpangia. Mwanawe wa kwanza, ambaye sisi sote tunamwita Kaka Mkubwa, ni mkandarasi wa majengo. Alipaka rangi chumba cha nyuma ya nyumba yake, akatia kitanda, televisheni, na kengele ndogo ya kuitia chai.

Kengele! Nilipoiona nilitamani kuitupa dirishani.

Mama mkubwa alikuwa na lake. Uani kwake kulikuwa na trela ambalo mumewe alilichomelea wakiwa bado wachanga kwenye ndoa, lenye kitanda cha kukunja, jiko la gesi na paa la turubai ambalo mama mkubwa alilishona mwenyewe. Walikuwa wakiambiana kwamba siku moja wataizunguka nchi nalo. Siku hiyo haikufika, maana kila mwaka palikuwa na ada ya mtoto, mgonjwa, au harusi ya mtu. Sasa alitaka gari la kulivuta, kuukuu lakini lenye kusukuma magurudumu yote manne, lisiloogopa matope wala mwinuko.

Familia ikakaa kikao. Kaka Mkubwa aliongea kwa sauti ya upole, ile ya mtu aliyekwisha kushinda.

"Mama, chagua gari unalolitaka. Likipandisha trela lako ule mlima wa tangi la maji, na wewe mwenyewe ukiwa kwenye usukani, mimi nafunga mdomo. Likishindwa, trela linauzwa na unahamia kwangu."

Mlima ule umewatoa jasho madereva wa malori. Nilifungua mdomo kubisha, mama mkubwa akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Nimekubali, mwanangu," akasema, akaendelea kunywa chai.

Tulikwenda yeye na mimi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Dalali alitupokea kwa tabasamu pana, akatupeleka moja kwa moja kwenye gari jekundu lililoinuliwa juu, matairi mapya, linang'aa hadi unaweza kujitazama. Akanigeukia mimi.

"Dada, mwambie mama hili ndilo saizi yake. Kiyoyozi kipo, redio ipo, viti vya ngozi."

"Mama ana masikio," mama mkubwa akamjibu. "Limewahi kuvuta nini?"

Dalali akacheka. Mama mkubwa hakucheka. Alitoa kipande cha turubai kwenye mkoba, akakitandika chini, akakaza kitambaa kichwani, akalala chali na kujisogeza hadi nikabaki naona viatu vyake tu. Watu wakaanza kusogea kutazama. Huko chini tukasikia akigonga vyuma kwa mpini wa mkasi wake.

"Hili limepakwa poda juu ya kutu!" ikatoka sauti. "Na ndoano ya kuvutia imefungwa kwenye bampa. Nitafika niendako peke yangu, trela nimeliacha njiani na bampa yenu."

Waliosimama waliangua kicheko. Tukapita magari mengi, na kila mara turubai likatandikwa. Mwisho akasimama mbele ya gari la kijivu la dizeli, mlango mmoja kijani, pua imebonyea.

"Hilo ni la shamba, mama," dalali akasema kwa haya.

Alikaa chini yake muda mrefu. Alipotoka, shavu lilikuwa na grisi na macho yalikuwa ya msichana. Akatuamuru tupande nyuma ya gari: mimi, dalali, na wale waliokuja kushangaa. Kisha akapima kwa shibiri, kama anavyopima kitambaa, kuona nyuma kumeshuka kiasi gani. Kulikuwa kumeshuka vidole vichache tu.

"Huyu ana mgongo," akasema. "Funga biashara."

Nyumbani aliliunganisha na trela, akapima tena kwa shibiri. Nyuma kulishuka vidole viwili. Aliridhika, akalala usingizi mzuri.

Siku moja kabla ya jaribio, Kaka Mkubwa aliomba trela tulipeleke kwenye eneo lake la ujenzi, chini ya mlima ule, eti litalala pale salama. Kulipokucha tukafika na gari. Ndugu wote walikuwepo, wengine wameshika simu tayari kupiga picha. Mama mkubwa akaunganisha trela, akainama, akaweka shibiri yake. Safari hii nyuma kulishuka shibiri nzima. Akaweka tena. Kisha akainuka na kumtazama mwanawe, na mwanawe akatazama mlima.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna tatizo, baba. Pisha."

Nilikaa kando yake nikiwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Akaingiza gia nzito. Gari likanguruma, likasogea polepole mno. Katikati ya mlima magurudumu yakaanza kuteleza kwenye changarawe, tukarudi nyuma kidogo, nikapiga kelele. Yeye akauma meno, akaliacha lijishike lenyewe, akakanyaga tena taratibu. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Nakiri nililia, na haikuwa hofu tu.

Tulifika kwenye tangi. Akashuka, akafungua mlango wa trela. Ndani, juu ya kitanda na chini yake, mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa vizuri kabisa.

Kaka Mkubwa alifika akihema, ndugu wengine nyuma yake. Alipouona mlango wazi hakujitetea.

"Mama, naogopa," akasema, na sauti ikamkatika. "Naogopa nipigiwe simu niambiwe umekufa njiani."

Mama mkubwa alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitambaa chake, kama mtoto.

"Nikifa njiani, baba, utajua nilikuwa naenda mahali. Kwenye chumba chako nitakufa nikipiga kengele." Kisha akampisha mlangoni. "Sasa teremsha saruji yako."

Akaiteremsha, mfuko baada ya mfuko, akiibeba begani mwenyewe, akishuka nayo mlima mzima kwa miguu. Hakuna aliyemsaidia. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kukung'uta kitanda chake.