Neno la Kiholanzi na Kifua cha Binti Yangu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikaa katika fleti ya halmashauri huko Newtown, ughaibuni, nami nikiandika sura ya tasnifu yangu juu ya neno la Kiholanzi, vocht. Maana yake ni unyevu: wa hewani, wa ukutani, na pia majimaji yanayokaa mwilini, hata mapafuni. Kijerumani kina nduguye, feucht. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na fuht, kisha kikaliacha likapotea. Nyuma ya hapo ushahidi unafifia. Wapo wanaolihusisha na shina la kale lenye maana ya matope, lakini sikuthubutu kuliandika hilo kama jambo la hakika.

Binti yetu wa miaka minne alikuwa na pumu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Unguja kumtunza mjukuu wake wakati mke wangu akiwa kazini, alimfukiza kila siku kama alivyowafukiza wanawe: sufuria ya maji ya moto, majani ya mkaratusi, shuka kichwani, madirisha yamefungwa. Kwao nyumba hupitisha upepo na mvuke hujiendea zake. Kwetu ulibaki. Ulitiririka kwenye vioo, na nyuma ya kitanda cha mtoto kuvu nyeusi ikapanda hadi usawa wa mto.

Mchana mmoja nilimsikia mtoto akivuta pumzi chumba cha pili. Sauti ilikuwa nyembamba, na baada ya kila pumzi palikuwa na kimya nisichoweza kukivumilia. Nilipoingia, miwani yangu ilifunikwa na mvuke. Nilimtafuta kwa mikono. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nikampa dawa yake ya kuvuta, nikafungua dirisha.

“Wataka kumuua mtoto kwa baridi?” mama mkwe akasema. “Kusoma kote huko, hujui kifua chataka joto?”

“Joto sawa, mama. Lakini mvuke huu unaozesha ukuta, naye anauvuta huo ukuta.”

“Mie nimelea saba kwa mvuke huu.”

“Katika nyumba zenye upepo, mama.”

Nilipiga simu kuita gari la wagonjwa, na anwani yetu wenyewe ikanitoka vipandevipande. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amemfunika mtoto kwa koti langu na kumpakata dirishani.

“Mwaga maji yale, baba,” akasema bila kunitazama.

Nikayamwaga taratibu, ili mlio wake usinizuie kumsikia mtoto. King'ora kilipoingia mtaani, alikuwa bado anavuta pumzi.