Sifa Tatu za Kila Mteja

Nilikuwa saiba moja ya Kawangware, duka la kompyuta na intaneti, nikingoja fotokopi. Mbele yangu mama mmoja, fundi wa nguo, alikuwa akiandikiwa CV. Msichana wa kompyuta akaanza bila kumuuliza: “Hardworking, honest, kind tailor.”

“Hayo matatu ya mbele ni nini?”

“Adjectives, mathe, yaani sifa. Kwa Kizungu zinatangulia, ndiyo jina lifuate. Wewe ni mchapakazi, mwaminifu, mpole.”

Mama akaweka kidole kwenye skrini. “Soma tena. Polepole.”

Akasomewa.

“Nitolee kopi mbili. Moja ya kumpelekea bwanangu huko Kitui. Miaka yote hajawahi kuniita hata moja.”

Msichana akanitazama. Sote wawili tulijua maneno hayo huandikiwa kila mteja. Akamtolea kopi mbili.

Mimi kazi ninayo. Lakini zamu yangu ilipofika, nikaagiza CV.