Gauni Jeupe la Kadzo

Harufu ya wanga wa muhogo ukikutana na pasi ya makaa hunirudisha Changamwe, miaka ile ya vita. Mengine ya utotoni nawasimulia wajukuu. Hili nawaambia ninyi tu.

Kadzo, binti wa mama yangu mdogo, aliletwa kwetu kutoka Rabai mamake alipofariki. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi kumi na miwili. Nilijiliwaza kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikapita, mwezi ukapita, jembe li mkononi mwangu, na Kadzo yuko mkekani anasukwa nywele na mama. Wivu ukanijaa.

Tukaingia pamoja darasa la kipaimara. Nguo zilikuwa adimu. Mama alipata bafta, kitambaa cheupe cha pamba, ya gauni moja tu, akamshonea Kadzo. Mimi nikateremshiwa pindo gauni langu la zamani.

"Wewe una mama, mwanangu," aliniambia.

Nilitaka kumjibu kwamba huyo mama mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimtafuta.

Jumamosi nikapewa magauni yote mawili niyapige pasi. Nilipepea makaa mpaka yakawiva, nikaikalisha pasi kifuani pa gauni la Kadzo, nikahesabu hadi kumi. Kisha nikapiga ukelele, nikajitia kushtuka. Mama alinitazama, akaniondolea pasi mkononi. Kadzo alilitwaa gauni, akaligeuza mbele nyuma.

"Hivi askofu hatapaona, mama," akasema.

Kwetu ilikuwa desturi: kabla ya kuingia kanisani siku ya kipaimara, watoto husimama mlangoni wakapeana mikono na kuombana radhi. Mwenye kinyongo hakuruhusiwa kuingia. Asubuhi ile nilikaza midomo. Nilikuwa na hakika Kadzo atanishtaki mbele ya mwalimu, nami nilikuwa tayari kukana. Akaja, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, dada. Nimekupunguzia mama."

Nami, jamani, nikamjibu kwa sauti ili mwalimu asikie, "Nimekusamehe." Tukaingia. Nilipiga magoti nyuma yake, alama ya pasi ikiwa mbele ya macho yangu, hudhurungi, na hata hapo nilijiona mimi ndiye mkarimu.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipokuja kuelewa nani alipaswa kumwomba nani. Nikafunga safari hadi Rabai. Nilimkuta Kadzo akipeta mchele, nikamwambia yote, mpaka kule kuhesabu kumi.

"Nalijua, dada," akasema, wala hakuuweka chini ungo. "Lakini ningekungoja uanze wewe, ungebaki nje."

Nililia pale uani kwake. Na kwa kuwa nimeanza kukiri, nimalize: nilimwonea wivu upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Moyo kama ule ningeupata wapi mimi?